Siku tatu nilipima choo ambacho hakikuwa cha mama mkwe

Wakuu, siku tatu nzima nilipima choo cha mtu mzima wa afya, huku mama mkwe akiisha kwa kuhara damu wodini, hatua chache kutoka meza yangu.

Hamjambo lakini. Haya yalinipata mwenyewe na siongezi chumvi.

Ilikuwa miaka ya themanini, hospitali ndogo huku Kitui. Mtu wa maabara nilikuwa mimi peke yangu. Mama mkwe aliletwa kutoka kwao Nuu, macho yameingia ndani.

Tulikuwa na njia mbili. Direct: unachanganya choo kidogo na maji ya chumvi kwenye kipande cha kioo, unaangalia kwa darubini papo hapo. Concentration: unatia formalini na etha, unazungusha kwa mashine, unasoma mashapo. Hii ya pili nilikuwa nimetoka kuisomea, na niliringa nayo sana.

Kila siku mke wangu aliniletea sampuli kwenye kiberiti, kama watu wetu walivyozoea. Direct, hakuna kitu. Concentration, hakuna.

Choo chenyewe kilikuwa kigumu. Nilidhani kimekaukia humo kiberitini.

Siku ya tatu mama hakuweza kuketi. Nikamuuliza mke wangu, "Mama Mwende, hiki ni cha nani?"

"Ni changu, Baba Mwende. Mama amesema heri afe kuliko mkwe aangalie choo chake."

Hiyo ndiyo nthoni, heshima yetu Wakamba. Mimi na mama tukikutana njiani, mmoja hupisha kando. Nilitaka kukasirika, nikashindwa. Hata kuketi hawezi, na bado ananiheshimu!

Nesi akamwambia mama, "Chako tunapeleka Kitui mjini, kwa daktari mwingine." Akakubali.

Kikombe cha choo chake kilinifikia kingali na joto. Direct, tone moja tu: amiba zinatembea, zimemeza chembe za damu. Concentration ya kikombe hicho hicho haikuonyesha hata moja. Mayai ya minyoo inayakamata vizuri, lakini amiba hai formalini inaziua.

Alipewa dawa. Baada ya siku mbili akaitisha uji.

Nilichojifunza: njia ya kisasa haikuondolei kazi ya kuuliza sampuli ni ya nani, na imetoka saa ngapi. Wenzangu wa maabara, chekeni kwanza, halafu mtuambie yenu.

Alipopona, mama alimpa mke wangu jogoo ampelekee "yule daktari wa Kitui". Mama Mwende akamleta nyumbani kwetu moja kwa moja, tukamla.

Mama hakuwahi kuuliza kama daktari alimpata jogoo wake. Mpaka leo sijui kama alijua.