Fito za Kitanda

Kitanda cha mama yangu kilijengwa na bibi, mama yake baba, mwaka ule mama alipoolewa. Kwetu nyumba hujengwa na wanawake, na kitanda kinajengwa pamoja na nyumba: fito zinachomekwa ardhini na ukutani, nyingine zinalazwa juu, kisha inatandikwa ngozi ya ng'ombe. Bibi alikata fito zote za oloirien, mti mgumu ambao Waswahili wanauita mzeituni pori. "Hizi haziliwi na mchwa," alimwambia mama. "Utazeeka juu yake."

Kweli mchwa hawakuzila. Aliyekuja kuzila ni mama mwenyewe, na mimi niliona kabla ya mtu yeyote, kwa sababu nalala upande wa ukutani na upande huo ndio ulianza kushuka.

Mama anaitwa Lukresia. Ni Mchaga wa Uru, amezaliwa kwenye migomba na kahawa, akabatizwa Mkatoliki. Katika usichana wake alikuwa akishuka na ndizi kuziuza mnadani, na huko ndiko baba, Mmaasai, alikomwona. Watu wa Uru walisema hatamaliza masika mawili huku nyikani. Amemaliza kumi na manane. Kimaasai anakisema mpaka anakiota, ila bibi akikasirika humwita "Mchaga" kama vile ndilo jina alilopewa kanisani. Kurudi Uru hakuna. Kihamba, lile shamba la migomba la baba yake, wamegawana kaka zake, na yule mkubwa, Sirili, alishamwambia waziwazi: "Karibu kusalimia, dada. Kusalimia."

Boma letu liko tambarare, chini ya Mabogini, pale mashamba ya mpunga yanapoisha. Ukame wa mwaka elfu mbili ulituachia ng'ombe wanne wa maziwa na mtamba mmoja. Baba akaenda Moshi kulinda duka la mtu. Wanaume waliobaki wakaingia kwenye mkaa, na miti nayo ikaanza kuisha kama ng'ombe. Ndipo kijiji kikaitisha mkutano, ikapitishwa: atakayechoma mkaa, au kukutwa na kuni ya oloirien, hata iliyokauka, atatoa mtamba mmoja. Hata iliyokauka, kwa sababu watu walikuwa wanauchuna mti magome, wanausubiri ufe, halafu wanakuja kusema wameukuta maiti.

Yule mtamba wetu alikuwa wa mama. Ni uzao wa ng'ombe aliyepewa na baba aliponizaa, na alikuwa na mimba ya kwanza. Mama alikuwa akipita karibu naye anamgusa tumbo, kama mtu anayehakikisha mlango umefungwa.

Mwezi uleule akaja dada Hilda wa mradi wa majiko. Naye ni Mchaga, wa upande wa Marangu, na alipomsikia mama akizungumza aliruka kwa furaha. Alileta majiko ya debe. Unasimamisha chupa katikati ya debe, unashindilia pumba za mpunga pembeni yake, unachomoa chupa taratibu, linabaki tundu. Unawasha kwa chini, linawaka saa tatu nzima. Pumba zenyewe ni za bure. Siku hizi Mabogini kila mwenye hela ana mashine yake ya kukoboa, na nje ya kila mashine kuna kilima.

"Mama Lukresia," dada Hilda akamwambia mbele ya wanawake wote, "wewe ndiye utakuwa mama wa mfano. Unakubali?"

Mama alisimama. Sijui alikuwa anafikiria nini. Nadhani kwa miaka kumi na minane hakuna mtu aliyewahi kumsimamisha mbele ya wenzake kwa jambo jema. Akasema kwa sauti kwamba nyumbani kwake hautaingia mkaa wala kuni. Wanawake wakapiga makofi. Bibi hakupiga.

Jiko lilifanya kazi, siwezi kulisingizia. Ugali uliiva, uji uliiva. Kilichokataa ni maziwa.

Kibuyu cha maziwa hakioshwi kwa maji tu. Unachukua kijiti cha oloirien, unachoma ncha mpaka iwe kaa jekundu, unaliingiza kibuyuni na kulizungusha likisugua kuta za ndani. Unatikisa, unapangusa majivu kwa ufagio mdogo wa mkia wa ng'ombe. Hapo maziwa yanakaa, yananukia, yanaganda vizuri. Sasa pumba hazina kaa. Zikiisha kuwaka unabaki na majivu meupe, ukipuliza yanaruka.

Mama alijaribu kukiinamisha kibuyu juu ya moshi wa pumba. Maziwa yakawa machungu kama dawa ya minyoo. Akajaribu kuyabeba kwenye dumu la mafuta ya kula. Siku hiyo nilikwenda naye mpaka Moshi, kwa mama Salvina mwenye hoteli ya chai, mteja wake wa miaka yote. Mama Salvina alionja, akatema pembeni.

"Lukresia, haya umekamua ng'ombe au umekamua dumu?"

"Ni ya asubuhi hii, dada."

"Hata yangekuwa ya dakika hii! Wateja wangu wanataka yale yenye moshi, yale ya Kimaasai. Yasiyo na moshi si yapo dukani kwenye paketi, yamevuka mpaka na picha ya ng'ombe mnene? Ukija na haya tena, pitiliza tu, mama."

Tulirudi na dumu limejaa. Unga wa nyumba nzima ulikuwa unatoka kwenye yale maziwa, kwa hiyo siku hiyo tulikunywa unga wetu.

Bibi alimsubiri mlangoni. "Jiko lako linapika?"

"Linapika, mama."

"Na kibuyu?"

Mama akalitua dumu chini.

"Jiko lisiloacha kaa ni kama mume mlinzi," bibi akasema. "Usiku linawaka mjini, asubuhi wewe unashika majivu." Akacheka peke yake, na huyo mlinzi ni mwanawe wa kumzaa.

Kesho yake mchana, wengine walipokwenda kisimani, mama aliingia ndani. Nilikuwa nimeketi nje na ndama. Nikasikia ngozi ikifunuliwa, kisha mlio mkavu, kah! Akatoka na kipande cha fito kama mkono wangu, cheusi kwa moshi wa miaka kumi na minane. Akakitia ncha ndani ya jiko la pumba, akakipuliza mpaka kikawa kaa. Harufu ilipotoka alitazama pande zote, ndipo akaniona.

"Ndama ameshiba?" akaniuliza.

"Ameshiba."

Hayo ndiyo tuliyozungumza. Mama Salvina alipoonja maziwa yale alifumba macho. "Eeh! Sasa ndiyo wewe."

Fito moja ilitosha siku nne, tano. Kuni za nje zingeonekana zikiingia, za kitanda zilikuwa ndani tayari. "Mpaka uzae tu," nilimsikia mama akimwambia yule mtamba. "Zaa, uache kuwa mtamba wa kutozwa faini, halafu nitawaambia." Lakini mimba ya ng'ombe haina haraka ya mtu. Kitanda kilizidi kushuka, tukawa tunalala tumeteremkia ukutani kama viazi kwenye gunia, na asubuhi mama ananiuliza, "Umelala vizuri?" Namjibu, "Nimelala."

Kisha wakaja wageni wa mradi kutoka Moshi, wakiongozwa na dada Hilda na mwenyekiti wetu wa kijiji, yule ambaye mtamba wa faini hupelekwa kwake. Wakalitazama jiko, wakalipiga picha. Mama akawapikia chai, akawapa na maziwa ya kibuyu kwa heshima. Mgeni mmoja wa kike alikunywa, akainua kichwa.

"Matamu haya! Yana ule moshi wenyewe. Mnasafishaje vibuyu bila kuni?"

Wanawake wote wakamtazama mama. Mwenyekiti alishusha kikombe chake chini.

"Kwa pumba," mama akasema.

"Kwa pumba?"

"Hizihizi."

Nyuma yangu mtu alikohoa ndani ya shuka, halafu wa pili akakohoa. Mwenyekiti akainuka. "Ngoja nilione jiko linapokaa," akasema, akainama kuingia ndani. Nilimfuata. Ndani kuna giza, na mgeni akiingia kwenye nyumba yetu mahali pa kuketi ni kitandani. Alikuwa ameshageuka kuketi pale bibi alipompita kama kijana, akajitupa upande wa ukutani, kwenye lile shimo.

"Shikamoo, bibi," mwenyekiti akasema, ameshtuka.

"Marahaba. Mgongo unaniua. Kaa kule kwingine, au utanilalia?"

Mwenyekiti akacheka, akatoka.

Nilidhani tumepona. Lakini nje dada Hilda alikuwa ameshika mkono wa mama, macho yanamng'aa. "Jamani, hili hata sisi wa mradi hatukulijua! Kila boma linatuambia, tutaachaje kuni, na vibuyu vyetu je? Kumbe mama Lukresia ana jibu. Kuanzia kesho atazunguka maboma yote saba kufundisha. Si ndiyo, mama?"

Mwenyekiti alikuwa anamtazama. Mtamba alikuwa pale kivulini, tumbo limejaa, anacheua.

"Ndiyo," mama akasema.

Wageni walipoondoka bibi alitoka kitandani kwa kushikilia ukuta. "Umewapikia uongo mtamu, Mchaga," akasema, lakini polepole. "Sasa utaubeba boma kwa boma."

Asubuhi mama alijaza pumba kwenye gunia, mimi nikabeba debe na chupa. Boma la kwanza lilikuwa la mama Ruth, ambaye mume wake naye analinda mjini. Wanawake walikuwa wameshaketi uani, kila mmoja na kibuyu chake mapajani. Mama Ruth hakutusalimia vizuri. Alimvuta mama ndani kana kwamba anampa maji, nami nikaingia nyuma yao.

"Lukresia, kwa pumba unasafishaje? Niambie mimi kwanza. Nimejaribu mwezi mzima."

Macho ya mama yalikuwa yamekwenda kitandani, na mimi nikatazama alipotazama. Ngozi ilikuwa imezama upande wa ukutani.

Mama Ruth aliona tunachotazama. Akaifunua ngozi. Chini yake palikuwa na mapengo kama kinywa cha mzee.

Mama akauliza, "Zimebaki ngapi?"

"Tisa. Zako?"

"Saba. Na mtamba wangu anazaa mwezi ujao."

"Wangu bado miezi minne."

Nje wanawake walianza kupiga makofi ya kuita. "Mwalimu! Tuko tayari!"

Mama Ruth akairudisha ngozi, akainyoosha vizuri. Mama akaliinua gunia la pumba, akatoka nalo juani.