Baba Hakurudi Nyuma

Baba yangu ni Loishiye, aliyezaliwa Ngaramtoni. Mama yangu ni Nasieku, aliyezaliwa Kisongo. Andika hivyo kwanza, Neema mjukuu wangu, maana mimi sikusoma, na yaliyomo kichwani mwangu hayana hifadhi nyingine.

Harufu ya blanketi lililoloa mvua na moshi naijua hadi leo. Ndiyo harufu ya msimu ule wa ukame, nilipokuwa msichana mdogo wa kubeba vibuyu vya maziwa, na baba, kiongozi wa rika lake, akatuongoza na ng'ombe kupanda Mlima Meru kutafuta malisho juu ya msitu. Kwetu kiongozi wa rika hushika rungu jeusi, na likishaonyesha njia, hakuna anayegeuka kabla yake. Tulikimbia jua tukaangukia baridi: ukungu mchana kutwa, mvua ya mawe, na alfajiri majani yaliyoganda, yakivunjika chini ya nyayo zetu. Mama akaanza kukohoa, kisha akawa hawezi kukamua bila kushikilia ubavu wa ng'ombe.

Jioni moja alimwambia baba mbele ya watu, jambo ambalo wanawake hawakuwa wakilifanya, akimwita kwa jina langu, “Baba Nembris, nishushe. Ng'ombe tutapata wengine.”

Baba aliwatazama wenzake waliozunguka moto. Mmoja akacheka. “Loishiye, ukungu umekutisha? Basi mpe mkeo rungu, atuongoze yeye!” Wakacheka wote. Baba naye akacheka, kisha akasema, “Kesho tunapanda zaidi.”

Mama alikufa katika kambi iliyofuata. Tulimfunika kwa mawe, kwa kuwa ardhi ilikuwa ngumu. Ng'ombe walinenepa. Tuliporudi, baba alisifiwa kila boma kwamba ni mwanamume asiyerudi nyuma, na sifa hiyo ikasomwa tena kanisani siku ya kumzika, nami nikiwa nimeketi benchi la mbele.

Juzi ulitoka mjini kwenye semina ya uongozi, ukanisomea katika simu yako habari za Wazungu wa zamani waliovuka barafu ya mwisho wa dunia. Mmoja alisonga mbele hadi akafia hemani na wenzake. Mwingine alikwisha kukaribia alikokwenda, akawatazama watu wake wenye njaa, akageuka, akawafikisha nyumbani wote.

Nilikuuliza, “Wenzake hawakumcheka?”

Ukajibu, “Labda walimcheka, Koko. Lakini walicheka wakiwa hai.”

Nikaendelea kuchambua maharage, kwa sababu ningefungua kinywa ningemtukana marehemu.

Siku hizi Arusha nzima ni viongozi. Hata watoto wana vyeti vya uongozi. Vyeti vyako tunza upendavyo. Kwangu mimi tunza hili moja: ukipewa watu, mwendo wao upimwe na aliye dhaifu kuliko wote, na siku akikuambia hawezi tena, usiwatazame wengine kwanza. Mshushe.