Kengele Niliyoifunga Kitambaa

Mnicheke tu, maana watu wa Newala walishacheka mpaka wakachoka, na hadi leo nikitajwa kule bondeni hawaulizi kama mimi ni mzima, wanauliza kama nimeshakauka. Mimi niliumbwa na wasiwasi, sikatai. Chakula kikichelewa nauliza kwa nini kimechelewa, kikiwahi nauliza kuna nini leo mbona kimewahi.

Kwetu ni Masasi, mimi ni Mmakua, ila nimeoa Newala, na kama ilivyo desturi ya huku nilihamia ukweni, yaani nyumba ninayolala, mikorosho ninayopalilia, hata kuku wanaonitifulia ua, vyote viko kwenye ardhi ya ukoo wa mke wangu. Siku wajomba zake wakinichoka, nafunga mkeka wangu kwenye baiskeli narudi Masasi, na binti yetu Salima anabaki kwa mama yake. Hilo mliweke akilini tunavyoendelea.

Sasa, ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara imefunguliwa, wanunuzi binafsi wa korosho wanapishana na malori yao, na kijijini kwetu akaletwa karani mmoja wa kununua, kijana wa miwani ya jua na baiskeli ya gia yenye tairi za meno meno, ambazo sisi wa baiskeli nyeusi za Kichina tulikuwa tunaziangalia kwa pembeni. Huyu karani akimsalimia mke wangu lazima acheke. Siku moja nikawakuta nyuma ya lori wananong'ona, nilipofika wakanyamaza, Mama Salima akaanza kunisifia shati (shati lenyewe lilikuwa limechanika kwapani). Nikasema moyoni, hapa kuna jambo.

Haikupita wiki nikaona mke wangu kila alasiri anashuka bondeni. Ukimuuliza, anakwambia alikwenda kuloweka muhogo. Haya, muhogo tunaloweka, maji ya uhakika yako kule chini, huku juu uwandani kwetu ni shida tupu. Lakini nielezeni nyinyi, muhogo gani unamchubua mtu goti? Na muhogo gani unampaka mtu grisi kwenye upindo wa kanga? Usiku nililala naikodolea macho ile kanga kwenye kamba, nikapata jibu: anapakiwa kwenye baiskeli, na mwenye baiskeli namjua.

Nikaenda kuchunguza. Kushuka bondeni kuna njia ya miguu wanayopita watu wote, halafu kuna barabara ya zamani ya changarawe, waliichonga wapasua mbao kupita katikati ya msitu, wakaondoka na magogo yao wakatuachia barabara. Gari haipiti kule. Ni miti ya mininga na mitondoro huku na huku, kona baada ya kona, hadi kando ya mto ambako inakuwa sawa kabisa kama sakafu. Nikainama kwenye changarawe na nikaona kwa macho yangu alama za tairi la meno meno, na pembeni yake nyayo za ndala za Mama Salima, moja imekatika kisigino.

Hapa ndipo nilipofanya uamuzi mmoja mdogo. Lazima mjue kwamba kwetu mtu na mama mkwe wake hawakutani uso kwa uso njiani. Ukimwona kwa mbali unaacha njia, unaingia majanini, unampa mgongo mpaka apite. Kwa mwendesha baiskeli ni shida, maana ukitokea kwenye kona kwa kasi utaacha njia saa ngapi? Ndiyo maana wanaume wote waliooa kule tulikuwa tunapiga kengele kabla ya kila kona, na mama wakwe wanazijua kengele zetu, akisikia ya mkwewe anajitenga kando. Bila kengele hushuki bondeni, hilo hata mtoto anajua. Lakini mimi nilikuwa nakwenda kufumania, na mfumaniaji hapigi hodi. Nikachana leso kuukuu nikaifunga kengele mpaka ikawa bubu. Halafu nikakumbuka breki zangu zinalia kuliko mbuzi, nikazing'oa raba zote mbili nikatia mfukoni (nilijiona nina akili sana).

Alasiri nikamwacha mke wangu atangulie, kisha nikaingia ile barabara ya msituni. Nawaambia, mwanzoni ilikuwa raha. Kimya, kivuli, changarawe inasagika polepole chini ya tairi, nikaanza hata kupanga maneno ya kumwambia yule karani. Kona ya kwanza nikapita vizuri. Ya pili nikaburuza ndala kupunguza mwendo. Ya tatu ndala ikabaki nyuma na mimi nikaendelea, na kuanzia hapo baiskeli ndiyo iliyokuwa inanipeleka, mimi nikawa mzigo.

Nikatokea kona ya mwisho, pale panapokuwa sawa, na kitu nilichokiona sikukitegemea kabisa. Kuna baiskeli ya tairi za meno meno, ni kweli. Mke wangu yupo, anakimbia nyuma yake ameshika keria ya nyuma. Na aliyekaa juu ya kiti, kanga ameipandisha akaifunga, anakanyaga pedali ametulia kama mtu aliyezaliwa nayo, ni mama mkwe wangu. Sikuona kitu juu ya goti, naapa, na kama niliona sikuona.

Nikakata usukani. Kushoto kulikuwa na mto, na ukingoni vile vidimbwi vya kulowekea muhogo, akina mama wamejaa. Nikaruka nikaingia kwenye muhogo wa mtu uliokwisha kulowana siku nyingi, na wanaoijua harufu ile hawahitaji maelezo. Nilipoibua kichwa, cha kwanza kukumbuka kilikuwa heshima, nikalivuta shati nikajifunika uso, nikakaa vivyo hivyo ndani ya dimbwi.

"Shikamoo mama," nikasema ndani ya shati.

Mama mkwe haongei na mimi moja kwa moja, hajawahi. Nikasikia anashuka, anaegesha baiskeli taratibu.

"Mama Salima, mwambie marahaba. Halafu mwulize kengele yake ina nini."

"Baba Salima, mama anauliza kengele ina nini."

"Mwambie mama imeharibika."

"Mwulize ikiharibika huwa inavaa nguo?"

Akina mama wakaangua kicheko, ila mke wangu hakucheka. "Anauliza umefuata nini huku," akasema.

"Nimekuja kuchota maji."

"Mwulize ndoo iko wapi," akasema mama mkwe.

Ningenyamaza hapo, mkasa ungeishia kwenye harufu. Lakini nilikuwa nimekaa kwenye maji ya uvundo, gizani ndani ya shati, mdomo ukajiendea wenyewe: "Kwani karani yuko wapi?"

Kicheko kikakatika. Kisha Mama Salima akasema kwa sauti ndogo ambayo sijaisahau mpaka leo, "Kumbe ndivyo unavyonifikiria." Akachukua baiskeli, wakaondoka na mama yake.

Baiskeli ilikuwa ya kwake. Kaka yake wa Mtwara alimnunulia ya mtumba, akaipakia kwenye lori la korosho, na karani ndiye aliyeombwa aifikishe kimya kimya, basi, huko ndiko kunong'ona kote. Ilifichwa nyumbani kwa mama mkwe, nyumba ambayo mimi siwezi kukanyaga. Na kwa nini ifichwe? Kwa sababu aliwahi kuniomba nimfundishe, ashuke mwenyewe kuleta maji badala ya kupanda na ndoo kichwani, mimi nikacheka mbele za watu nikamwambia mke na baiskeli haviazimwi. Mama yake alijifunza enzi za usichana wake, alipokuwa anafanya kazi kwa masista Ndanda, na ndiye aliyekuwa anamfundisha. Mimi nimekaa ukweni miaka yote ile sijui.

Usiku ule Mama Salima alilala kwa mama yake na mtoto. Asubuhi wajomba wakaitana. Nikakaa chini mbele yao (upepo ukivuma wanageuza nyuso) nikausikiliza mkeka wangu ukijadiliwa. Mjomba mkubwa alishasema nirudi nilikotoka, mtu anayemwinda mke wake msituni ataua siku moja. Nilimtazama Salima mlangoni, nikalia, sitawaficha.

Ndipo sauti ya mama mkwe ikatoka nyuma ya ukuta wa fito. "Mwambieni kaka yangu, huyu mtu hakuwa na breki. Angenyoosha, angenipiga mimi. Aliponiona akaacha njia, kama inavyotakiwa. Mwanamume anayechagua muhogo uliooza kuliko kumvunjia mkwewe heshima, bado anafundishika."

Wakacheka, na kucheka kwao ndiko kulikoniokoa. Hukumu ikawa nisipande baiskeli mpaka korosho za msimu ziishe, na kila niendako nitembee na ile kengele mkononi, nikiipiga kwenye kila kona, ili mke wangu na mama yake wajue niliko. Niliipiga. Watani zangu wa Kimakonde walinisubiri kwenye kona makusudi, wakinisikia wanaingia majanini wote na kunipa migongo.

Mama Salima alirudi nyumbani, ila alichelewa kunisamehe. Tangu siku ile sijaifunga kengele kitambaa na sitaifunga, na kanga ikiwa na grisi naifua mwenyewe. Siku hizi yeye ndiye anayeleta maji kwa baiskeli, na kengele yake naisikia kutoka mbali kabisa, kule kwenye mikorosho ya mwisho, anapiga mfululizo. Jioni moja nikamuuliza, mke wangu, mbona unaipiga mapema hivyo, huku juu hakuna mkwe wako.

Akateremsha dumu la maji, akajifuta jasho. "Nakupa nafasi," akasema. "Kama una mgeni wako ndani, apate kutokea mlango wa nyuma."

Nilikuwa peke yangu na sufuria ya kunde. Lakini nilijikuta nimegeuka kuangalia mlango wa nyuma, na yeye akaniona.