Gololi Isiyo na Kovu

Watu wakiniletea gololi ya zamani ili niwaambie kama ni ya kweli, sianzi na kovu. Wanashangaa, maana wote wameshasikia kwamba gololi ya kutengenezwa kwa mkono lazima iwe na kovu. Mimi naipeleka kwanza kwenye mwanga wa dirisha, naitazama ndani, taratibu, mpaka mwenye gololi anachoka na kuanza kuniuliza habari za wajukuu. Zamani sikuwa hivi. Nilipokuwa na miaka kumi nilikuwa naamua kwa kufumba na kufumbua, na kwa uamuzi mmoja wa namna hiyo nilimpokonya mtu mwanawe.

Tulikuwa tunaishi Temeke, miaka ya mwanzo ya sabini, katika nyumba ya vyumba sita yenye korido katikati na ua nyuma. Baba yangu alikuwa karani bandarini. Kabla ya Uhuru, akiwa kijana, alifanya kazi mjini katika duka la Mhindi mmoja aliyeuza vitu vya watoto, na huko alijifunza jambo ambalo halikumpa cheo wala chakula, ila lilimpa raha: kuzijua gololi. Kwa kuwa sikuwa na kaka, akanifundisha mimi.

Zile za kijani hafifu, tupu ndani, zilitoka kwenye shingo za chupa za soda za zamani, ambamo zilitumika kama kizibo. Zile za duara kamili, zenye majani matatu au manne ya rangi katikati, ni za mashine. Halafu kulikuwa na zile tulizoziita za Mjerumani. Baba alinieleza kwamba fundi wa huko alivuta kioo cha moto kikawa kirefu kama fimbo, ndani kina nyuzi za rangi, akakisokota, kisha akakikata kipande kipande kwa mkasi. Pale mkasi ulipopita, juu na chini, palibaki makovu mawili. Nyuzi nazo zilitoka kovu moja zikaenda kukutana kwenye la pili. Mimi nilishika habari ya makovu kwa sababu ilikuwa rahisi. Habari ya nyuzi iliingia sikio hili ikatokea lile.

Basi nikawa bingwa. Wavulana hawakunitaka kwenye mchezo wao, lakini kabla ya kubadilishana gololi ilibidi waje kwangu barazani, nilipokaa na kipande cha kioo cha dirisha cha kuzibiringishia. Nilikuwa na kiherehere na mdomo mchafu, na neno langu halikukatiwa rufaa.

Chumba cha mwisho, karibu na ua, alikaa mchonga vinyago wa Kimakonde. Nyumba nzima tulimwita Fundi. Mkewe alifia kusini akimzaa mtoto wao wa pekee, wa kike, na mtoto akalelewa huko na bibi yake. Kwao mtoto ni wa upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye kauli. Fundi alituma maombi miaka na miaka akitaka kukaa na binti yake. Hatimaye mjomba akamleta, akiwa na miaka tisa, na kabla ya kuondoka akasema uani, mbele yetu sote:

"Shemeji, korosho zikishauzwa nitarudi. Nitamuuliza mwenyewe. Akisema abaki, abaki. Akisema twende, naondoka naye, na usinitumie tena ujumbe."

"Nimesikia," alisema Fundi.

Hivyo alikuwa na miezi michache ya kumfanya mtoto asiyemjua amtake. Nyumba nzima ilijua. Wanawake walimpa shauri la chakula, mama yangu akamsuka yule binti nywele. Lakini binti alikuwa kimya. Baba yake hakumwita baba; alimwita "yule". Tulipokwenda pamoja bombani kuteka maji aliniambia, "Yule kaniuliza tena kama nimeshiba," na mimi nikacheka, na tukawa marafiki.

Jumamosi moja alikuja barazani anakimbia, mkono ameufumba. Akaufumbua mbele yangu. Ilikuwa gololi kubwa, safi, ndani nyuzi nyeupe na nyekundu zimejisokota, na moja ya buluu imepita katikati. Sijapata kuona nzuri kama ile tena.

"Baba kanipa," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akilitamka neno hilo. "Babu alikuwa anafanya kazi kwenye mkonge, huko Lindi, enzi za Mjerumani. Mtoto wa bwana shamba aliiacha, babu akaiokota, akampa baba. Na sasa yangu."

Hakuniletea niipime. Aliniletea niishike tu, tufurahi. Nayajua hayo sasa, na nadhani hata siku ile niliyajua. Lakini nilimwonea wivu. Baba yangu alinifundisha gololi zote za dunia na hakuwahi kunipa hata moja. Na wavulana watatu walikuwa wamesimama hapo wakingoja nitoe kauli.

Nikaigeuza. Sikuona kovu. Nikapitisha ukucha, nikakuta laini kote. Nikaibiringisha kwenye kioo, ikaenda karibu sawasawa.

"Siyo ya zamani hii," nikasema. "Ya dukani. Haina kovu."

"Lakini baba kasema..."

"Baba yako kakudanganya."

Wavulana wakacheka. Yeye hakulia. Aliichukua gololi yake kutoka kwenye kioo changu, akaingia ndani kwa kupitia koridoni, na mimi nikaendelea na kazi.

Jioni ile nilikuwa uani naosha vyombo. Fundi alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, anachonga mpingo kwa tezo. Binti akaja akasimama mbele yake.

"Ulinunua duka gani?"

Tezo ikasimama. "Nimekwambia ilikotoka."

"Duka gani?"

"Mwanangu," alisema Fundi, "mie sisemi jambo mara mbili."

Alikuwa na kiburi chake, kile cha mtu maskini asiye na kingine cha kujivunia isipokuwa neno lake. Lau angemuuliza mtoto kwa nini amefikiri hivyo, habari ya kovu ingetoka, na yote yangekwisha palepale. Hakuuliza. Binti akaiweka gololi chini, karibu na maganda ya mpingo, akaondoka. Nami nikaendelea kusugua sufuria.

Baada ya hapo binti akarudi kumwita baba yake "yule". Korosho zikauzwa. Mjomba akaja, akanywa maji, akamuuliza uani kama alivyoahidi. Binti alimtazama baba yake kwa muda mrefu sana. Fundi alikuwa anatazama mikono yake mwenyewe, maana hakutaka ionekane anamshawishi. Kwao ingekuwa aibu.

"Twende, Mjomba," alisema binti.

Wiki moja baadaye, siku ya Jumapili, Fundi alibisha hodi kwetu. Alikuwa amesikia kwamba baba yangu anazijua gololi. "Karani," alisema, "hebu nitazamie hii." Baba akaenda nayo dirishani. Akaigeuza taratibu kwenye mwanga.

"Fundi, hii ni ya Mjerumani kabisa. Ona nyuzi zinavyokusanyika huku, na huku tena. Mashine haifanyi hivi. Ila makovu yake yako wapi? Nani kaisugua?"

"Mimi."

Akaeleza. Ilikuwa na vidonda viwili, alisema, vikali, vingemkwaruza mtoto vidole. Halafu yeye ni mchongaji. Alikofundishwa kazi, ukimpa mtu kitu ambacho alama ya chuma bado inaonekana, mwalimu wako anakurudishia mbele za watu. Basi aliisugua siku nne kwenye jiwe la kunolea, kwa maji, kisha akaing'arisha kwa jivu na kitambaa.

"Nilitaka imteleze mkononi," alisema.

"Sasa nani alisema siyo ya zamani?" baba akauliza.

Nilikuwa mlangoni na sinia la chai. Fundi akanitazama. Alijua, hakuna siri katika nyumba ya vyumba sita.

"Watoto," alisema. "Michezo yao tu." Akapokea kikombe kutoka kwangu na kusema ahsante mama.

Heri angenipiga. Nilikwenda chooni nikalia mpaka mtu akagonga.

Fundi hakujua kusoma wala kuandika, na mimi nilikuwa darasa la tano, mwandiko mzuri. Akaniomba nimwandikie binti yake. Nilipokaa na karatasi mara ya kwanza nilimuuliza kwa sauti ndogo kama niandike habari ya gololi.

"Hapana. Atadhani namlaumu. Andika mvua imenyesha."

Nikafurahi. Nakiri hilo, kwa sababu sipendi watu wanaosimulia makosa yao huku wakijipendelea. Nikaandika mvua imenyesha. Nikaandika mpingo umeadimika, watu wote wa nyumba wanakusalimu. Miaka minne niliandika barua zake, na kila barua ilibaki na nafasi chini ambayo ningeweza kujaza kwa mkono wangu mwenyewe, kwa niaba yangu mwenyewe. Fundi asingejua. Niliiacha wazi.

Majibu yalikuwa machache, na yalizidi kuchelewa kijiji chao kilipohamishwa na kuunganishwa na vingine kuwa kijiji cha ujamaa. Yote yalianza hivi: "Kwako Fundi." Nilipoliona hilo katika barua ya kwanza, Fundi amekaa mbele yangu, mikono magotini, nilishindwa. Nikasoma: "Baba mpendwa."

"Kaandika hivyo?"

"Ndiyo."

"Hebu rudia hapo."

Nikarudia. Tangu siku hiyo nikasoma hivyo kila barua, na kila mara alinitaka nirudie. Nilidhani namlipa kidogo kidogo.

Kisha kikaja kisomo cha watu wazima. Jioni watu walikwenda shuleni kwetu kukaa kwenye madawati yetu, magoti yamewapanda kifuani, wanatamka a, e, i, o, u. Fundi hakukosa hata siku moja. Watu wakamtania kwamba anataka ujumbe wa nyumba kumi. Mimi tu ndiye niliyejua anataka nini, na niliogopa. Baada ya miezi kadhaa alikuwa anasoma vibao vya maduka kwa sauti. Na asubuhi moja nikapita mlangoni kwake nikamwona amekaa kitandani, barua zote zimepangwa kwenye shuka, kidole chake kiko kwenye mstari wa juu wa moja. Akahamia nyingine. Kidole kwenye mstari wa juu tena.

Shikamoo yangu aliiitikia kama kawaida. Lakini hakuniletea barua tena, wala kuniomba niandike.

Kifua kilimwanza mwaka uliofuata, na vumbi la mpingo si la kuchezea. Tulimzika siku ya Alhamisi.

Alikuwa na siku kumi na mbili kaburini wakati mjomba na binti waliposimama barazani kwetu na kikapu cha korosho. Hawakuwa na habari. Binti alikuwa amekuwa mrefu kunizidi. Mama yangu aliwakalisha, akawaambia, na kukawa na kilio kwa muda, mjomba akilia kuliko wote. Walipotulia, yule rafiki yangu wa zamani akanivuta uani, akatoa barua.

"Hii imenifikia juzi juzi tu," alisema. "Kaandika mwenyewe?"

Nikaitazama. Herufi kubwa kubwa, zimepanda na kushuka, penseli imekandamizwa mpaka karatasi imetoboka.

"Kaandika mwenyewe," nikasema.

Iliandikwa: *Mwanangu. Ile gololi nilinunua dukani. Nilikudanganya. Nisamehe uje.*

Nilisoma mara mbili, yale maneno ya mtu asiyesema jambo mara mbili.

"Ndiyo maana nimekuja," alisema yeye, anapangusa macho kwa upande wa kanga. "Miaka yote nilikuwa nangoja akiri tu. Nimekuja kumwambia nimemsamehe."

Nikamwambia. Nilimwambia habari ya vidonda viwili, jiwe la kunolea, siku nne, jivu na kitambaa. Nilimwambia alichosema baba yangu dirishani. Nilimwambia kwamba babu yake aliiokota kweli kwenye mkonge, na kwamba hakuna hata neno moja aliloambiwa na baba yake lililokuwa la uongo, isipokuwa lile lililoko mkononi mwake.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akaikunja barua kwenye mikunjo yake ileile.

"Wewe ulijua lini?"

"Wiki moja baada ya wewe kuondoka."

"Na barua zile zote ni mwandiko wako."

"Ndiyo."

Alinitazama kama alivyomtazama baba yake siku ile aliyoulizwa na mjomba, muda mrefu, ananingoja niseme kitu. Akarudi ndani kumwambia mjomba wake kwamba anataka kuonyeshwa kaburi, na akaomba apelekwe na mtu mwingine.