Wiski ya Moshi na Mwonjaji wa Kawetele

Kawetele hakuna sherehe inayoanza kabla Andongwisye hajaonja. Mpishi wa komoni, pombe ya kienyeji, humletea kikombe cha kwanza, naye hunusa, hulamba, kisha husema "Wape," au hukimwaga mgombani bila neno. Sharti lake ni moja: aliyeleta pombe hunywa kwanza mbele yake, ajulikane hakutia kitu.

Ijumaa jioni, wakwe wa binti yake Doreen wakitarajiwa kesho yake, sharti hilo lilikwama. Amri, rafiki yake mwenye nyumba ya wageni Makandana, alileta chupa ya wiski ya Ayalandi aliyoachiwa na mgeni kama shukrani.

"Wape wakwe," alisema. "Mgeni aliniambia ni shayiri tupu, imekaushwa kwa moshi wa udongo wa kinamasi unaowaka kama kuni."

"Onja basi."

"Mzee, unajua mimi siinywi."

"Hata kwa ncha ya ulimi?"

"Hata kwa ncha ya ulimi."

Andongwisye akacheka, akamimina kidogo kwenye glasi. Rangi ilikuwa ya chai isiyokolea. Akanusa, akaacha kucheka. Moshi, na chini ya moshi, dawa ya kidonda. Harufu kama hiyo aliwahi kuinusa kwenye kikombe cha mdogo wake Jacob, aliyeuziwa gongo iliyotiwa spiriti. Jacob alilala mzima. Asubuhi aliamka akilalamika kwamba dunia imekuwa nyeupe, na jioni walikuwa wanamlilia.

"Mwaga, baba Doreen," mkewe Esnath alisema akiwa mlangoni.

Kumwaga kungekuwa kumwita Amri muuaji usoni. Akadondoshea maji kidogo, akaonja. Ulimi uliungua, ukaja moshi wa nyama iliyoning'inia juu ya meko, halafu chumvi, na mwisho kabisa utamu mwembamba wa asali. Ilikuwa nzuri. Lakini Jacob naye aliisifu ya kwake.

Akaiweka glasi mezani, akawasha taa, akamwambia Esnath asiizime usiku kucha. Amri akaelewa. Akavua viatu, akaomba mkeka.

"Huendi kwako?"

"Kunywa siwezi, mzee. Kukaa naweza. Kukicha vibaya, mtanikuta hapa hapa."

"Usikorome tu," Esnath alisema.

Andongwisye alilala kwa vipande. Kila aliposhtuka aliitafuta taa kwa macho, akaipata, akafumba tena. Kulipokucha alimsikia Amri akimaliza sala, naye akaenda kufungua mlango autazame Mlima Rungwe, kama afanyavyo kila siku.

Nyeupe. Hapakuwa na mlima, wala migomba, wala njia. Akashika mwimo wa mlango.

"Amri." Sauti ilitoka ndogo. "Unauona mlima?"

Amri akaja na kofia yake kichwani, akachungulia. "Mlima gani, mzee? Hata choo chako sikioni. Ukungu umefunga."

Andongwisye akakaa kizingitini, akashusha pumzi.

"Ndaga," akamshukuru. Kisha akamgeukia mkewe. "Ni pombe safi. Moshi wametia makusudi, si uzembe wa mpishi. Ivumilie, utamu unakuja nyuma."

"Basi niwawekee wakwe mezani?"

"Wape komoni. Hii wakiinusa wataogopa kama mimi, na Amri hawezi kwenda kulala kwa kila mkwe."