Kwao Mama Anastasie Ni Wapi

Katika nyumba ya wazee ya misioni, huku Masisi, hakuna aliyependa kumwona Victorine akija na daftari lake, ile kaye ya gamba jeusi. Mimi nilikuwa mpishi pale mwaka 1966, na mzee aliyekuwa akiyasema vibaya maharagwe yangu tangu asubuhi alijifanya amelala papo hapo. Kaye ilikuwa na swali moja tu: ukizidiwa na ugonjwa, tukufanyie nini? Wengine walisema anawaitia kifo. Mtoto wa mzee mmoja alimwita mchawi mbele ya mapadri. Siku hiyo Victorine aliingia jikoni akilia, akala viazi viwili, akaenda kuuliza kitanda kilichofuata.

Alikuwa mhudumu wa wazee pale, mjane, mwembamba, mtu wa wasiwasi. Mumewe alikufa ghafla, na ndugu wakagombania maiti siku mbili mvua ikiwanyeshea, kwa sababu hakuna aliyejua marehemu alitaka nini. Basi akawa anauliza.

Mama Anastasie peke yake ndiye aliyejibu bila kununa. "Munipeleke kwetu," alisema. "Nisifie hapa ku misioni." Victorine akaandika: apelekwe kwao. Alifurahi siku nzima, nami nikamfurahia.

Miezi miwili baadaye Anastasie alipooza upande mmoja. Mdomo ukapinda, maneno yakakatika. Masista walituma habari Bihambwe, na siku ya nne akafika mwanawe Séraphin na wanaume wanne wenye kipoyi, kile kitanda cha kubebea mgonjwa mabegani. Victorine akafungua kaye amsomee. Nilimwona akisimamisha kidole kwenye neno "kwao".

Anastasie alizaliwa Itebero, kule msituni, akaolewa Bihambwe akiwa msichana. Mwanamke akisema "kwetu", ana maana ya wapi? Alikozaliwa au alikozaa? Victorine, yeye wa kuuliza kila kitu, hilo hakuuliza.

"Kwetu njo Bihambwe," Séraphin alisema. "Papa iko mu kaburi kule, na nafasi ya mama iko pembeni yake."

Nilimkanyaga Victorine mguu, anyamaze. Bihambwe ilikuwa safari ya siku moja. Itebero ni siku tano au sita za msitu, na tangu vita vya waasi, miaka miwili nyuma, njia zile hazikuaminika. Mgonjwa wa namna hii angefika kweli? Niliogopa, na yeye aliogopa kuliko mimi. 

"Papa Séraphin, njo mimi nilikosa," alisema. "Sikumuuliza kwabo ni wapi. Labda alitaka kusema Itebero."

"Unataka mama yangu afie mu njia?"

"Hapana, Papa. Nataka asifie pahali hakutaka."

Séraphin alitaka kumfokea, akajizuia, akapiga magoti kando ya kitanda. "Mama, Bihambwe?" Machozi yakamtoka mama. "Itebero?" Machozi yakatoka vilevile. Tulitazamana kama wajinga. Wabebaji waliokuwa mlangoni walianza kulitazama jua.

Victorine akatoka mbio. Akarudi amemshika mkono mzee Kasika, mtu wa kijiji cha Mpofi, mmoja wa wazee wetu, aliyekuwa amechuuza mafuta ya mawese msitu ule wote na kujua lugha ya huko.

"Papa Kasika, umuulize mu luga ya kwabo."

Kasika akainama, akasema maneno machache karibu na sikio la mgonjwa. Tangu apooze, mama yule hakuwa ametoa sauti. Sasa mdomo uliopinda ukatoa neno moja. Akalirudia. Akalirudia tena, kwa nguvu zaidi.

"Anasema nini?" Séraphin aliuliza.

"Anaita mama yake," Kasika alisema. "Namna mutoto mudogo anaita."

Séraphin alikuwa na mvi kichwa kizima. Alimtazama mama yake kana kwamba ndiyo kwanza anaambiwa kuwa naye aliwahi kuwa na mama. Kisha akawageukia wabebaji.

"Nani anajua njia ya Itebero?"

Wabebaji wakamtazama mzee Kasika. Wote walikuwa watu wa Bihambwe, na Séraphin mwenyewe, mtoto wa tumbo la Anastasie, hakuwahi kufika huko hata siku moja.