Niliwaficha wageni wa ziwani samaki wangu, siafu wakanianika

Wakuu, salamu kutoka Keumbu. Mimi ni nyanya yenu, phone ni ya mjukuu, lakini kisa ni changu na sitatia chumvi hata kidogo.

Ilikuwa miaka ya sabini, nimeolewa juzi tu. Kwetu Nyamira tulikuwa Wakatoliki. Nikaolewa kwa Wasabato, watu ambao Jumamosi hawawashi moto kamwe! Chakula chote kinapikwa Ijumaa.

Nilikuwa na mimba ya miezi saba, na hiyo mimba ilitaka samaki. Si ndizi, si mboga za managu. Samaki! Nilisumbua watu mwezi mzima.

Ijumaa moja mzee wangu, aliyekuwa na kibarua Kisii mjini, akaniletea samaki wawili wakubwa. Nikawapika na nyanya, nikalamba mwiko, nikawafunika kwenye nyungu. Kesho baada ya kanisa ni mimi na wao.

Kumbe kesho yake kuna kwaya ya wageni kutoka upande wa ziwa. Watu kama ishirini hivi. Ibada ilipoisha mama mkwe akasimama, akatangaza: "Wageni wetu wote, chakula ni kwangu."

Aki nilitaka kuzimia. Nyumbani kulikuwa na sufuria moja ya maharagwe na ugali wa wimbi wa watu watano.

Nikamvuta kando. "Mama, hawa watakula nini?"

"Kwamboka, Mungu ndiye amewaleta na anajua wana matumbo. Enda utandike mikeka."

Nikatangulia mbio, tumbo mbele. Mikeka ilingoja. Kwanza nilibeba nyungu yangu nikaificha kwenye ghala la wimbi, nikafunga mlango. Watu wa ziwani wakinusa samaki, si nimekwisha?

Sasa kuna kitu hakuna mtu aliniambia. Kwa hawa Wasabato, mgeni wa kanisa ni wa kijiji chote. Kila jirani alipitia kwake akachukua alichopika Ijumaa, akaja nacho. Viazi, ndizi, maziwa ya mala, kuku, maboga. Nilitafuta mahali pa kuweka sahani nikakosa. Wageni walikula mpaka wakaanza kukataa.

Mimi nami nikakula kidogo tu. Nilikuwa nawekea samaki nafasi, hehe.

Katikati ya maombi ya kushukuru, soprano mmoja akaruka juu akipiga kelele. Siafu! Mstari mweusi umepita katikati ya mikeka, moja kwa moja hadi ghalani.

Shemasi akakimbia kufungua ghala aokoe wimbi. Akatoka na nyungu yangu mkononi, inatembea siafu, ndani kumebaki miiba na vichwa viwili.

Watu wote wakanitazama. Nilijua jina langu limeharibika, kuanzia siku hiyo nitaitwa mke mnyimi kuanzia Keumbu mpaka Marani. Nikatoa machozi pale pale.

Mama mkwe hakunitazama hata. Akasema tu, bila haraka, "Hiyo tulikuwa tumewekea mgeni ambaye hajafika." Akagusa tumbo langu.

Wakacheka wote, nami nikacheka huku nalia. Hajawahi kunitajia hiyo nyungu tena maisha yake yote.

Halafu mama mmoja wa kwaya akavuta kikapu chake. "Kumbe mgeni mwenyewe hajala?" Akafungua. Samaki wakavu, wamejaa hadi juu! Walikuwa wametubebea tangu asubuhi.

Wakuu, yaani niliwaficha samaki watu waliokuja na samaki.

Na bado hakuna kuwasha moto. Nilikaa mlangoni na kikapu mapajani nikingoja jua lizame, Sabato iishe. Siku hiyo lilitembea polepole kwa makusudi, naapa.

Nilichojifunza: Mungu hakuwa na shida ya chakula, mimi ndiye nilikuwa na shida ya kumwamini. Na ukarimu wake mkubwa siku hiyo haukuwa samaki, ulikuwa mdomo wa mama mkwe. Siku hizi mgeni akija, kile roho inaniambia nifiche ndicho naweka mezani kwanza.

Haya, nani humu amewahi kuficha nyungu? Semeni ukweli, mimi nimeshajianika.